Gishubi Ipi?

Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, mpaka nilipomkaribisha mara ya pili. Alikuwa ametoka Gishubi kabla ya jua kuchomoza. Tulizungumza Kirundi, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili changu. "Mwanangu," alisema, "kilimani kwetu hakuna hata mmoja aliyeonekana kwenye orodha ya mbegu. Tumeambiwa kompyuta haitujui."

"Karibu ukae, Baba," nikamjibu. "Tutazame pamoja."

Nilifungua folda ya Gishubi. Orodha ilikuwepo, majina yamejaa, tarehe ni ya Septemba 2022 kama ilivyotakiwa. Mzee alisogeza kiti, akaweka kidole karibu na kioo bila kukigusa, akashuka nacho mstari kwa mstari. Alipofika chini akaniangalia. "Hawa nao ni wakulima. Lakini si sisi. Hata vilima vilivyoandikwa hapa sivijui."

Walikuwa watu wa Gishubi ya Muyinga.

Burundi ina Gishubi zaidi ya moja. Iliyo maarufu ni komine ya Gishubi, Gitega, katikati ya nchi. Nyingine iko Muyinga, kaskazini-mashariki, upande unaopakana na Tanzania. Anayeishi katika mojawapo hana sababu ya kufikiria ile nyingine. Niliyepaswa kuzifikiria zote mbili ni mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeandika programu iliyokusanya orodha zote mahali pamoja.

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, ambako Kiswahili ndicho tunachoamkiana nacho. Nilihamia Gitega mwaka 2019, mwaka ambao mji huu ulianza kuwa mji mkuu wa kisiasa, na tangu hapo kazi yangu ni kupanga taarifa za watu kwenye kompyuta. Mradi wa kilimo niliokuwa nikiufanyia kazi wakati huo sitautaja, kwani kosa halikuwa lake. Makarani walikuwa wakileta orodha kwa flashi. Karani wa upande wa Gitega alifungua folda, akaiita Gishubi. Karani wa upande wa Muyinga naye alifungua folda, akaiita Gishubi. Kila mmoja ndani yake aliweka faili liitwalo 2022-09. Programu yangu ya mistari arobaini ilibeba mafaili ya flashi ya kwanza ikayaweka kwenye seva, kisha ikabeba ya flashi ya pili. Ilipokuta mahali pameshakaliwa na faili la jina hilohilo, ililifuta lililokuwepo na kuweka jipya. Haikuuliza, maana sikuwa nimeiambia iulize. Ndivyo wakulima wa Gishubi ya Gitega walivyotoweka, na mzee akafunga safari.

Flashi ya kwanza ilikuwa bado haijafutwa, na jioni ile majina yalirudi. Nilipompigia simu karani wa Muyinga, hakuwa na la kujitetea wala hakulihitaji. "Dada," aliniambia, "mimi nimeandika Gishubi kwa sababu huku Gishubi ni moja." Alikuwa na haki kabisa. Kwake ilikuwa njia iliyokamilika.

Neno hili, njia, ndilo ninalotaka kulieleza, maana kila anayetumia simu au kompyuta huishi juu yake bila kuliona. Faili ndani ya kompyuta hutambuliwa kwa njia ya kulifikia: folda hii, ndani yake folda ile, ndani yake faili. Vipande vya njia hutenganishwa kwa ile alama tuliyofundishwa shuleni kuiita mkwaju: `Gitega/Gishubi/2022-09`. Warundi hatuna shida ya kuelewa jambo hili, kwa kuwa ndivyo tunavyoelekezana. Mashambani kwetu watu hawakai vijijini kwenye nyumba zilizosongamana. Kila rugo, yaani boma la familia, liko peke yake kilimani, katikati ya migomba na mashamba yake. Ukitaka kumpata mtu unataja mkoa, komine, zoni, kolini (yaani kilima), ndipo unataja jina lake. Ukiruka kipande kimoja unaweza kulala njiani.

Kuna njia zinazoanzia shinani, yaani juu kabisa pa hifadhi yote, na kuna njia zinazoanzia pale ulipo. "Gishubi" ya karani wa Muyinga ilianzia alipo. Ilikuwa sahihi mradi yeye hajaondoka Muyinga. Nilipoichukua nikaipeleka Gitega bila kuandika ilikotoka, niliigeuza kuwa uongo. Kwa hiyo nilibadili programu: kila njia ianze na mkoa. `Gitega/Gishubi`, `Muyinga/Gishubi`. Nililala vizuri usiku huo.

Wiki mbili baadaye programu iliniambia kwamba Gitega peke yake ina Gishubi tano.

Nilizichapisha kwenye karatasi nikaibandika ukutani, na bado ninayo:

`Gitega/Gishubi/2022-09`

`Gitega\Gishubi\2022-09`

`Gitega//Gishubi/./2022-09/`

`Muyinga/../Gitega/Gishubi/2022-09`

`gitega/GISHUBI/2022-09`

Binadamu akizisoma anaona mahali pamoja. Kompyuta inaona nyuzi tano za herufi zisizofanana, na kwake kisichofanana si kimoja. Mkulima aliyeandikwa mara moja alihesabiwa mara tano, na mtu wa bohari angeweza kutoa magunia matano ya maharage mahali pa moja. Safari hii niligundua kabla gunia halijatoka. Kazi ya kuzigeuza njia za namna hii ziwe na sura moja ndiyo naiita kusawazisha njia, na karibu kila lugha kubwa ya kuandikia programu ina chombo chake cha kuifanya. Python ina `normpath`, Go ina `Clean`. Mtu anaweza kuvitumia kwa miaka bila kujua vinafanya nini. Mimi nilikuwa mtu huyo.

Tuchukue ule mstari wa nne, kwa sababu ndio wenye mafunzo. Ulitoka kwenye jedwali la hesabu la karani wa Muyinga, aliyekuwa ameunganisha jedwali lake na la Gitega ili alinganishe. Nukta moja katika njia humaanisha "hapahapa". Nukta mbili humaanisha "rudi juu hatua moja". Kwa hiyo mstari ule unasema: ingia Muyinga, toka, ingia Gitega, ingia Gishubi. Anayesawazisha huvisoma vipande kutoka kushoto akivipanga kama vikapu, kimoja juu ya kingine. Anaweka Muyinga. Anakutana na nukta mbili, anaondoa kikapu cha juu, Muyinga inakwenda. Anaweka Gitega, anaweka Gishubi, anaweka 2022-09. Akikutana na nukta moja hafanyi kitu. Akikuta mikwaju miwili imefuatana anaihesabu kuwa mmoja. Mwisho anavisoma vikapu kutoka chini kwenda juu, na njia imenyooka.

Je, nukta mbili zikija wakati hakuna kikapu? Ikiwa njia ilianzia shinani, zinapuuzwa, maana juu ya shina hakuna pa kwenda. Ikiwa ilianzia pale ulipo, lazima ziachwe mwanzoni kama zilivyo, kwa sababu hatujui juu ya hapo ulipo pana nini. Nimeona programu za vijana wenye akili sana zikikosea hapa tu.

Mstari wa pili, wenye mikwaju iliyolala upande wa pili, una historia yake. Mfumo wa Unix, ulioanzwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie kwenye maabara ya Bell huko Marekani mwaka 1969, ulitumia mkwaju wa kawaida kutenganisha folda. Multics, mfumo mkubwa waliokuwa wameufanyia kazi kabla ya hapo, ulitumia alama ya "kubwa kuliko". MS-DOS, mfumo uliotangulia Windows, katika toleo la kwanza la mwaka 1981 haikuwa na folda ndani ya folda, na mkwaju wa kawaida ilikuwa imeshaupa kazi nyingine: kutanguliza masharti yanayofuata amri. Folda zilipoingia katika toleo la pili, mwaka 1983, mkwaju ulikuwa na mwenyewe. Wakaugeuza. Uamuzi ule wa watu wachache, kwenye mashine ambazo leo ziko makumbusho, ndio uliokuja kunisumbua mimi Gitega, kwa sababu kompyuta za makarani zina Windows na seva yangu ina Linux.

Usumbufu wenyewe ni mkubwa kuliko unavyoonekana. Kwenye Linux, mkwaju uliogeuzwa hauna cheo chochote. Ni herufi tu, inaruhusiwa ndani ya jina la faili kama ilivyoruhusiwa herufi m. Siku moja nilifungua furushi la mafaili lililotoka kwenye kompyuta ya karani, nikitarajia folda ndani ya folda. Nilikuta mafaili yote yametandazwa mahali pamoja, kila moja likiwa na jina refu lenye mikwaju ndani yake: faili moja, jina lake ni `Gitega\Gishubi\2022-09.xlsx`, lote zima. Hakuna Gitega, hakuna Gishubi, kuna jina tu. Kwa sababu hiyo huwezi kugeuza kila mkwaju bila kufikiri. Lazima kwanza ujue njia imetoka kwenye mashine ya aina gani, kama vile unavyomuuliza mgeni ametoka wapi kabla ya kumwelekeza.

Herufi kubwa na ndogo ndizo zilizozaa mstari wa tano. Windows, kwa kawaida, huzihesabu kuwa moja: Gishubi na GISHUBI ni folda ileile. Linux hutenganisha. Desemba 2014 tofauti hii ilionekana kuwa hatari kwa waandishi wa programu ulimwenguni kote, ilipogundulika kwamba Git, chombo wanachohifadhia kazi zao, kiliweza kudanganywa kwa folda iitwayo `.GIT`. Chombo kililinda `.git` ya herufi ndogo, lakini kwenye diski za Windows na Mac folda hizo mbili zilikuwa moja, na kwa mlango huo mtu mbaya angeweza kuendesha amri zake kwenye kompyuta ya mwingine. Mimi niliamua kwamba majina ya mahali kwenye seva yangu yaandikwe namna moja, kwa jedwali nililolitengeneza mwenyewe. Si kila mtu anakubaliana nami. Wapo wanaopendelea kuyashusha yote yawe herufi ndogo. Mimi napenda jina la mahali libaki na heshima yake.

Lililonichukua muda mrefu kuliko yote ni folda ya marehemu. Mkulima akifariki, haki yake ya mbegu humwendea mjane au watoto, na makarani, kwa kuwa kazi za ofisi kwetu huandikwa Kifaransa, waliiita folda hiyo `Décès`. Kwenye seva yangu zilionekana folda mbili zenye jina hilo. Nilizitazama mpaka macho yakauma. Herufi tano hapa, herufi tano pale, alama zilezile juu ya e zilezile. Nilimwita mwenzangu, naye hakuona tofauti. Mwishowe niliiambia kompyuta inihesabie baiti, yaani vipande vidogo ambavyo jina limehifadhiwa ndani yake. Moja ilikuwa na baiti 7. Nyingine ilikuwa na 9.

Maelezo yake ni haya. Herufi é inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili zote halali. Ya kwanza ni herufi moja iliyokamilika. Ya pili ni e ya kawaida ikifuatwa na alama inayoelea, ambayo hupanda juu yake wakati wa kuonyeshwa. Machoni hazina tofauti hata kidogo. Mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao Apple iliuleta mwaka 1998 ulikuwa ukiyavunja majina kwa namna hii ya pili kabla ya kuyaweka, ilhali kompyuta nyingi nyingine huyaacha yalivyoandikwa, na kibodi ya Kifaransa kwa kawaida huandika ile ya kwanza. Mmoja wa makarani alikuwa amepitisha mafaili yake kwenye Mac ya zamani ya shemeji yake. Basi marehemu wetu waligawanyika, nusu wakaenda huku na nusu kule, na wajane wa upande mmoja hawakuonekana.

Sikuweza kulichukulia jambo hilo kuwa la ufundi tu. Mwanamke aliyefiwa ameshasimama kwenye milango ya kutosha. Asiongezewe mlango mwingine kwa sababu ya alama isiyoonekana juu ya herufi. Tangu siku hiyo programu yangu huzipitisha herufi zote kwenye sura moja kabla ya kulinganisha chochote, na hatua hiyo nimeiweka ya kwanza kabisa.

Kisha ukaja mwaka 2025. Sheria ya Machi 2023 ilikuwa imepunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 kuwa 5 na komine kutoka 119 kuwa 42, na mwaka 2025 mpango huo ulianza kutumika. Gitega ilibaki na jina lake na kupanuka, ikabeba Karuzi, Muramvya na Mwaro. Muyinga ilikoma kuwa mkoa. Pamoja na Cankuzo na Ruyigi iliingia katika mkoa mpya wa Buhumuza. Njia zote zilizoanza na Muyinga zilikuwa zimepitwa na wakati kwa siku moja.

Nilihamisha folda ya Muyinga nikaiweka ndani ya Buhumuza. Lakini majedwali ya makarani yalikuwa bado yanaita njia ya zamani, kwa hiyo pale ilipokuwa nikaacha kiungo: folda ya jina tu, ambayo ukiingia inakupeleka Buhumuza/Muyinga bila wewe kujua. Ilifanya kazi vizuri mpaka ule mstari wa nne ulipojitokeza tena. `Muyinga/../Gitega/Gishubi`. Ingia Muyinga, toka, ingia Gitega.

Ukifuata maneno, kama nilivyoeleza kwa vikapu, Muyinga inaondolewa na unafika Gitega. Ukifuata ardhi, mambo ni mengine. Unaingia Muyinga, kiungo kinakupeleka hadi ndani ya Buhumuza. Unatoka hatua moja juu, na hatua moja juu ya hapo ni Buhumuza. Unatafuta Gitega ndani ya Buhumuza. Haipo. Njia ileile, majibu mawili, na kompyuta ileile inaweza kukupa yote mawili. Jaribu mwenyewe kwenye Linux: ingia kwenye folda iliyo kiungo, andika `ls ..` uone inachoorodhesha, kisha andika `cd ..` uone inakokupeleka. Amri ya kwanza hufuata ardhi. Ya pili, kwenye mazingira ya kawaida ya bash, hufuata maneno uliyoyatumia kufika. Rob Pike, aliyekuwa Bell na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa Go, aliliandikia suala hili la nukta mbili makala nzima mwaka 2000, alipokuwa akilitafutia ufumbuzi katika mfumo wa Plan 9. Nilipoisoma nilifarijika kuona kwamba walionitangulia kwa mbali nao walikuwa wamekwama palepale.

Kwa hiyo kuna kusawazisha kwa aina mbili, na mtu anapaswa kujua anataka ipi. `normpath` ya Python husawazisha maandishi bila kuigusa diski. Ni ya haraka, nayo hufanya kazi hata kwa faili ambalo bado halijaumbwa. `realpath` huenda chini, inakanyaga kila kipande, inafuata kila kiungo, kisha inarudi na njia halisi. Mimi kwa kazi ya kulinganisha majina natumia ya kwanza. Kwa kazi ya kuamua nani aruhusiwe kufungua nini, natumia ya pili, na sifanyi mchezo.

Hapo ndipo jambo hili linapotoka kwenye unadhifu na kuwa usalama. Tuseme karani wa Gishubi anaruhusiwa kusoma chochote kilicho chini ya `Gitega/Gishubi`, na programu inamlinda kwa kutazama tu kama njia aliyoomba inaanza na maneno hayo. Akiomba `Gitega/Gishubi/../../siri`, njia inaanza vizuri kabisa. Inapita. Kisha nukta mbili zinafanya kazi yake mara mbili, naye yuko kwenye siri. Mlinzi alitazama nguo, hakutazama anakoenda mtu. Hata baada ya kusawazisha bado kuna mtego: folda iitwayo `Gitega/Gishubi-zamani` nayo inaanza na herufi hizohizo, kwa hiyo lazima ulinganishe kipande kwa kipande, usilinganishe herufi tu.

Kosa hili limewapata mafundi wakubwa. Seva ya Apache ni mojawapo ya programu zinazotumika sana duniani kutoa kurasa za mtandao. Septemba 2021 lilitoka toleo lake la 2.4.49, ambamo sehemu inayosawazisha njia ilikuwa imeandikwa upya. Anwani za mtandao huruhusu herufi kuandikwa kwa msimbo, na nukta huandikwa `%2e`. Msimbo mpya ulizitambua nukta mbili zilizoandikwa wazi, lakini ikiwa ya kwanza ni nukta ya kawaida na ya pili ni `%2e`, ulipita bila kuziona. Mtu akiomba njia yenye `.%2e/` kadhaa zilizofuatana, kwenye seva ambayo haikufungiwa vizuri, angeweza kutoka nje ya folda ya tovuti na kusoma mafaili ya mashine yenyewe. Kwenye seva zilizoruhusu programu ndogo kuendeshwa, angeweza hata kuendesha amri. Watu walikuwa wameshaanza kulitumia pengo hilo kabla halijatangazwa. Mapema Oktoba likatoka toleo la 2.4.50 kuliziba. Halikuziba lote: mtu angeweza kuandika `%%32%65`, ambayo ukiifumbua mara moja inakuwa `%2e`, na ukiifumbua mara ya pili inakuwa nukta. Tarehe 7 Oktoba likatoka la 2.4.51, siku chache tu baada ya lililotangulia.

Miaka 20 hivi kabla ya hapo seva ya Microsoft ilikuwa na pengo la ukoo huohuo: ilikagua njia kwanza, ikafumbua herufi baadaye. Kinga ilitolewa mwaka 2000, wengi hawakuiweka, na Septemba 2001 kirusi kiitwacho Nimda kilipita humo, pamoja na milango mingine, kikasambaa duniani.

Nikivitazama visa hivi pamoja na kile changu naona ugonjwa mmoja, nao ni mpangilio wa kazi. Tunahukumu kwanza, ndipo tunasafisha. Inatakiwa ufumbue, usawazishe herufi, usawazishe njia, uifuate hadi ardhini pale ruhusa inapohusika, na hapo ndipo uulize: je, hii ni ileile? Je, huyu anaruhusiwa? Na ukishauliza, tumia njia ileile uliyoisafisha, usirudi kutumia ile aliyokuletea mtu. Kijana anayefanya kazi nami sasa nimemwomba awe anausema mpangilio huo kwa sauti kabla ya kuandika mstari wowote unaofungua faili. Mwanzoni aliona haya. Siku hizi nasikia akiusema peke yake.

Mzee wa Gishubi alikuwa amerudi msimu uliofuata ule wa kwanza, safari hii na mkewe. Nilimwonyesha jina lake. Alitaka kuona na la jirani yake, na la shemeji yake wa kolini ya pili, nikamtafutia yote. Kisha akauliza kama wale wa Muyinga nao wamo, maana walikuwa wamemkaa moyoni tangu siku ile. Nikafungua folda ya pili. Akasoma majina machache, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akavaa kofia yake.

Mwezi uliopita tulianza kunakili daftari za zamani za mashamba, za enzi za Wabelgiji, zilizooza pembeni na zenye mwandiko mzuri ajabu. Humo Gitega imeandikwa Kitega. Muyinga imeandikwa Muhinga, Bujumbura ni Usumbura. Hakuna `normpath` inayojua kwamba Kitega na Gitega ni mji mmoja. Hilo linajulikana na watu tu, na mtu ndiye anayepaswa kuliandika. Kijana wangu alikuja na ukurasa wa kwanza mkononi. "Dada, hii Kitega niipeleke wapi?" Nikafungua lile jedwali langu la majina ya mahali, nikaongeza mstari mmoja, nikampisha kwenye kiti aandike unaofuata.